Naenda Salem, Massachusetts kwa mara ya kwanza: nianzie wapi?

Mleta mada (Tanga)

Wakuu, habari za muda huu. Mwishoni mwa Mei nitakuwa Boston kwenye mahafali ya mdogo wangu. Shughuli ikishaisha nitabaki na siku mbili na kidogo kabla ya kupanda ndege, na sitaki kuzimalizia madukani. Jamaa mmoja kaniambia jirani na Boston kuna mji mkongwe unaitwa Salem, mji wa wachawi. Mimi ni mwalimu wa historia, mambo ya kale ndiyo starehe yangu. Gari sina na mfuko si mnene. Aliyewahi kufika anisaidie: nafikaje, nilale wapi, nione nini na nini niachane nacho? Na je, mji huo una chochote zaidi ya huo uchawi?

Mkazi wa Lynn

Karibu sana mwalimu. Mimi nipo Lynn, tumepakana na Salem, na kila mgeni wangu kutoka nyumbani nampeleka kule. Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo lenye uzito.

Ukienda Salem kwa ajili ya wachawi tu, utatembea mtaa wa Essex, utaona maduka ya kofia nyeusi zenye ncha, utapiga picha na kurudi Boston saa tisa alasiri ukijiuliza sifa zote zile zilitoka wapi. Salem ilikuwa bandari. Ilianzishwa 1626, kwa hiyo 2026 inatimiza miaka 400, na kabla ya hapo wenyeji wa asili walipaita Naumkeag. Mwishoni mwa karne ya 18 ulikuwa miongoni mwa miji tajiri kuliko yote Marekani, na utajiri huo ulitoka baharini: pilipili manga ya Sumatra, chai ya China, na baadaye pembe za ndovu na sandarusi (utomvu mgumu wa miti) za Unguja.

Ndiyo, Unguja. Kwa mtu wa pwani yetu hapo ndipo penye utamu, na wageni wengi hupita bila kuambiwa.

Ilikuwa hivi. Bandari ya Salem ina kina kifupi. Meli zilipozidi kuwa kubwa, biashara nzito ikahamia Boston na New York. Matajiri wa Salem wakashikilia bandari za mbali ambazo wakubwa walikuwa hawajazijali, na Unguja ikawa mojawapo. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said kwa niaba ya Marekani. Mwaka 1837 akafika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, ambaye hapo hapo alikuwa mfanyabiashara. Alishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, bwana forodha wa Sultani, mpaka wafanyabiashara wengine wakalalamika kwamba wawili hao wamewabania.

Meli zilikuja na merikani, ile pamba isiyopaushwa ambayo misafara ya bara ilibeba kwa doti na kulipia kila kitu njiani kuanzia chakula hadi hongo za watemi. Zilirudi na pembe, ngozi, karafuu na sandarusi. Sandarusi yetu ilichimbwa ardhini upande wa Mrima, ikifika Salem inasafishwa kiwandani na kuuzwa kwa watengeneza vanishi. Kwa hiyo fanicha nyingi za kifahari za Marekani wakati ule zilikuwa zinang'aa kwa utomvu wa miti ya kwetu.

Ukilijua hilo kabla hujafika, mji wote unausoma kwa jicho jingine. Kesho nitaandika mpangilio wa siku, leo niko zamu.

Mdau, Dar

Mkuu umenifungua macho. Merikani tumefundishwa shuleni mstari mmoja tu. Tunasubiri muendelezo.

Mkazi wa Lynn

Nimerudi. Nianze na usafiri.

Gari usitafute kabisa. Nenda stesheni ya North Station, Boston, panda treni ya njia ya Newburyport au Rockport, zote mbili zinapita Salem. Ni kama nusu saa. Ukienda Jumamosi au Jumapili ulizia tiketi ya wikiendi, unapanda na kushuka utakavyo kwa siku zote mbili kwa bei moja. Angalia jambo moja: Jumatatu ya mwisho ya Mei ni sikukuu ya kukumbuka askari waliokufa vitani, na siku za sikukuu treni huwa chache. Kuna pia boti kutoka Boston msimu wa joto, safari ya karibu saa nzima. Kama mfuko unaruhusu, nenda kwa boti na urudi kwa treni, maana kuuona mji huu kwanza kutoka baharini ndivyo manahodha walivyouona.

Malazi: hoteli za Salem ni ghali. Kama mdogo wako ana nafasi, lala kwake Boston na uende kila asubuhi. Ila ukiweza kumudu usiku mmoja, lala Salem. Watalii wa kutwa wakishaondoka jioni unabaki na mitaa ya wenyeji wenyewe.

Sasa mpangilio. Ukishuka treni, watu wote watageukia katikati ya mji. Wewe nyoosha moja kwa moja mpaka mtaa wa Derby, kando ya maji, mwendo wa dakika kumi na tano hivi kwa mguu. Hapo kuna eneo la kihistoria la bandari linalotunzwa na serikali kuu, lilitengwa 1938 na lilikuwa la kwanza la aina yake nchini. Gati la Derby linaingia baharini karibu nusu maili. Zamani lilijaa maghala kutoka mwanzo hadi mwisho, leo ni njia ya changarawe na majani, na mwishoni kuna mnara mdogo mweupe wa taa wa mwaka 1871. Tembea mpaka kule mwisho. Upepo ni mkali hata Mei, chukua sweta. Halafu geuka uangalie nyuma: upande wa mji unaona jengo la forodha la 1819, matofali mekundu, ngazi pana, na tai wa dhahabu juu ya paa. Nahodha aliyetoka Unguja baada ya miezi mitatu minne baharini alikuwa anaangalia sura hiyo hiyo, na shehena yake ilipimwa na kutozwa ushuru pale. Mwandishi Nathaniel Hawthorne, mzaliwa wa mji huu, alikuwa mtumishi wa forodha humo kati ya 1846 na 1849. Kutembea gatini ni bure. Kuingia ndani ya jengo kunategemea siku na matengenezo, waulize walinzi wa hifadhi, ni watu wa kujibu maswali kwa moyo.

Kutoka hapo nenda Makumbusho ya Peabody Essex. Tiketi si rahisi, lakini hapa ndipo pa kutoa pesa. Yalianza na chama cha manahodha kilichoundwa 1799. Ili uwe mwanachama ilibidi uwe umezunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn ukiwa nahodha au msimamizi wa shehena. Kila aliyerudi alileta kitu kutoka alikokwenda, vitu vikajaa, wakajenga ukumbi wao mwaka 1825. Ukumbi huo bado upo ndani ya makumbusho, na kutani zimepachikwa sanamu za mbao zilizokuwa kwenye omo za merikebu. Kuna pia nyumba nzima ya Kichina ya familia moja, Yin Yu Tang, iliyobomolewa kipande kwa kipande, ikasafirishwa na kujengwa upya hapo. Tenga saa tatu. Makumbusho hufungwa baadhi ya siku za katikati ya wiki, kwa hiyo hakikisha siku kabla hujapanga.

Halafu kuna mahali ambapo hakuna kitabu cha watalii kitakupeleka: maktaba ya mji, mtaa wa Essex. Jengo lilikuwa jumba la John Bertram, nahodha aliyetajirika sehemu kubwa kwa biashara ya Unguja, hasa sandarusi. Alipofariki, warithi wake walilitoa liwe maktaba ya umma. Ingia, kaa, soma gazeti. Ni bure kwa kila mtu, na unajua sehemu ya kuta zile ililipiwa na nini.

Hapo mwalimu naomba usipite haraka. Pamba iliyofumiwa merikani ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Viwanda vya Massachusetts vikaifuma, Salem yenyewe ilikuwa na kiwanda kikubwa cha pamba cha Naumkeag kuanzia miaka ya 1840. Nguo ikaenda Unguja, ikanunua pembe zilizobebwa na wapagazi na watumwa kutoka bara. Waters mwenyewe aliuchukia utumwa na aliandika uchungu wake alipowaona watumwa Unguja, na biashara akaendelea nayo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nguo za Waingereza na za Bombay zikachukua soko, na biashara ya Salem kwetu haikuwahi kurudi kama zamani. Vibao vya mjini havikuelezi mnyororo huo mzima kwa pamoja. Nenda nao kichwani.

Mdau, Arusha

Mkuu una hoja, ila usimkatishe mtu tamaa na uchawi. Mimi nilifika Oktoba, mitaa imefurika watu wamevaa kila aina ya mavazi, muziki, watoto wanacheka. Kwa picha na furaha hakuna mwezi kama huo. Akiweza asogeze safari.

Mkazi wa Lynn

Sikatai, Oktoba kuna shangwe. Ila kwa mtu wa mara ya kwanza anayetaka historia, na hana gari, simshauri. Mwezi huo hupokea wageni hata kufikia milioni moja, katika mji wenye wakazi kama elfu arobaini na kitu. Vyumba vinashikwa miezi mingi kabla, foleni za kila mlango, treni mnabanana. Mei anapokwenda yeye ni wakati mzuri mno, bustani zimechanua na nafasi ipo.

Na nina sababu nyingine. Watu 19 walinyongwa Salem mwaka 1692 kwa tuhuma za uchawi, wanawake 14 na wanaume 5. Wa ishirini, mzee Giles Corey, aliyekuwa na umri wa kama miaka 80, alikataa kujibu mashtaka akawekewa mawe mazito juu ya mwili mpaka akafa. Wengine kadhaa walifia gerezani. Hakuna aliyechomwa moto, hilo ni kosa linalorudiwa kila siku. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa mchawi. Waliuawa kwa ushahidi wa watu kusema "nimeona kivuli chake kikinijia usiku". Sipendi mgeni wangu aanze kuwafahamu watu hao kwenye kelele.

Kwa hiyo mwalimu, nenda kwenye mnara wa kumbukumbu ulio pembeni ya makaburi ya kale ya mtaa wa Charter. Ulizinduliwa 1992, miaka 300 baada ya tukio. Ni uwanja mdogo wenye ukuta mfupi wa mawe, na kutoka ukutani yametokeza mabenchi 20 ya granaiti, kila moja lina jina, tarehe na namna mtu alivyouawa. Watu huacha maua na sarafu juu yake. Lakini angalia chini unapoingia. Mawe ya kizingiti yamechongwa maneno ya washtakiwa wenyewe, "Mungu anajua sina hatia" na mengine ya namna hiyo, na sentensi zimekatwa katikati na ukuta, zinaingia chini yake na kupotea. Waliobuni walikusudia hivyo: watu hawa walisema, wakakatwa kauli. Wengi wanayakanyaga bila kuyaona.

Mahali penyewe pa kunyongea panaitwa Proctor's Ledge, kilima kidogo nyuma ya nyumba za watu. Palithibitishwa na watafiti 2016, na kumbukumbu ikawekwa 2017. Ni mwendo wa dakika ishirini hivi kutoka katikati. Ukienda, kumbuka ni mtaa wa makazi, ongea taratibu.

Kati ya majengo yote ya uchawi yanayotangazwa, moja tu lililosimama lina uhusiano wa moja kwa moja na kesi zile, nyumba nyeusi ya jaji Jonathan Corwin, wanayoiita Witch House. Hilo ingia, utaona maisha ya karne ya 17 yalivyokuwa. Majumba mengine ya sanamu za nta na sauti za kutisha ni biashara za kisasa, kwa siku mbili ulizonazo yaache.

Mdau, Shinyanga

Nimesoma hii sehemu nikasimama. Huku Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe wanachopikia miaka yote. Mganga akishanyoosha kidole imeisha. Nilidhani ni sisi peke yetu. Swali kwa mkuu wa Lynn: wale wa Salem waliwahi kusafishwa majina?

Mkazi wa Lynn

Walisafishwa, lakini pole pole sana. Mahakama maalumu iliyoendesha kesi zile ilivunjwa na gavana William Phips Oktoba 1692. Mwaka 1697 mmoja wa majaji, Samuel Sewall, alisimama kanisani, waraka wake wa toba ukasomwa mbele ya watu wote. Jaji mwenzake John Hathorne, babu mkuu wa Hawthorne, yule mwandishi wa forodhani, hakuwahi kuomba radhi. Wengine walifutiwa hukumu mapema, wengine wakasubiri karne. Wa mwisho ni Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa kifo ila hakunyongwa. Jina lake lilisafishwa na bunge la jimbo Julai 2022, baada ya wanafunzi wa darasa moja la shule ya kati na mwalimu wao kulishikia bango suala hilo. Mwalimu wa Tanga, hilo peleka darasani kwako.

Nyongeza: mashtaka yalianzia Kijiji cha Salem, ambacho leo ni mji jirani wa Danvers. Huko ipo nyumba ya Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71 aliyenyongwa. Majirani karibu arobaini walitia saini waraka wa kumtetea, na baraza la raia lililoamua kesi lilisema kwanza hana hatia, likarudishwa kufikiri upya. Nyumba imezungukwa na mashamba, pametulia. Ila bila gari utahitaji teksi.

Dada wa Mombasa, Boston

La chakula niachieni mimi. Mwalimu, utaambiwa kila mahali ule ile supu nzito nyeupe ya kombe na viazi, chowder. Ni tamu, lakini kama wewe Muislamu uliza kwanza, kwa sababu mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe ya kukaanga ili kupata ladha. Uliza waziwazi, hawakasiriki. Samaki wa kukaanga ni salama zaidi, ila uliza mafuta yamekaangia nini. Kamba koche ndani ya mkate ni fahari ya huku, bei yake itakushtua, gawaneni wawili. Na eneo hili la kaskazini mwa Boston lina sandwichi yake ya nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, mkate wa vitunguu, jibini na mchuzi. Hiyo inashibisha na haivunji mfuko.

Mtaa wa Derby, mkabala na nyumba ya kale ya paa la vilele saba (House of the Seven Gables), kuna duka dogo la peremende, Ye Olde Pepper Candy Companie, biashara ya tangu 1806. Wana peremende inayoitwa Gibraltar, za limau na za mnanaa, mabaharia walikwenda nazo safari kwa kuwa hazikuharibika. Zawadi nyepesi kwa wanafunzi wako.

Ukikaa mezani na kuhudumiwa, bei ya kwenye menyu siyo utakayolipa. Kuna kodi ya asilimia 7 na bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Mhudumu anaitegemea hiyo, usimwache mkono mtupu. Maji ya bomba wanaleta bure, yaombe.

Mleta mada (Tanga)

Wakuu sina la kusema, nimenakili yote kwenye daftari. Mambo mawili tu. Kwanza, watu weusi wa Salem yenyewe wapo katika historia hii? Pili, barua za hao wafanyabiashara wa Unguja zipo wapi, mtu kama mimi anaweza kuzigusa?

Mkazi wa Lynn

Wapo, na nilipaswa kuwataja mapema. Nenda mtaa wa Chestnut, wenye majumba ya matajiri wa meli, kisha tafuta Hamilton Hall, ukumbi wa 1805. Pale John Remond, aliyefika Marekani akiwa mtoto kutoka Curaçao, aliendesha shughuli za karamu na kuishi na familia yake. Watoto wake wawili, Charles na Sarah, wakawa wasemaji wakubwa wa kupinga utumwa, Marekani na Uingereza. Sarah alitolewa kwa nguvu kwenye ukumbi wa tamasha Boston mwaka 1853 kwa kukataa kukaa viti vya watu weusi, akashtaki na akashinda. Charlotte Forten, aliyesoma chuo cha ualimu cha Salem na kumaliza 1856, alikuwa mweusi wa kwanza kuhitimu pale, baadaye akaenda South Carolina kufundisha watu waliotoka utumwani. Kuna bustani yenye jina lake hapo hapo mtaa wa Derby. Mwalimu mwenzako huyo.

Kuhusu barua: karatasi za Waters zipo Maktaba ya Phillips, iliyo chini ya Makumbusho ya Peabody Essex, lakini haipo Salem tena, ilihamia Rowley. Treni ya njia ya Newburyport inafika Rowley, ila kutoka stesheni bado ni mbali, panga teksi. Waandikie kabla hujatoka Tanga, waambie tarehe na unachotaka kuona ili wakutayarishie, maana chumba cha kusomea kina siku zake. Nenda na penseli, kwenye vyumba vya nyaraka kalamu ya wino hairuhusiwi. Mwandiko wa zamani ni wa kuhangaika nao, ila majina utayatambua haraka: Jairam, Zanzibar, frasila, Sayyid.

Ukishajua tarehe zako nitumie ujumbe wa faragha. Kama sina zamu nitakukuta stesheni ya Salem, na Rowley nitakupeleka kwa gari langu.